Sindano si Wanja: Mafunzo na Leseni kwa Mchoraji wa Nyusi za Kudumu

(Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, Karatu na Ngorongoro. Limepigwa chapa kama lilivyosemwa, pamoja na maswali ya kikundi.)

Nawasalimu ninyi nyote mlioketi katika vikundi vyenu: ninyi wa Karatu mjini, wa Rhotia, wa Oldeani na wa Mang'ola, pamoja na ninyi mlio juu huko Endulen na Loliondo. Tafadhali kila kikundi kiwe na kalamu na daftari, na mwandishi wa kikundi aandike namba atakazozisikia, maana mwishoni yako maswali.

Somo la leo limetokana na barua ya msikilizaji mmoja wa Mang'ola, ambaye jina lake sitalitaja. Dada huyu ni msusi. Husuka watu nyumbani kwake, na baada ya kuuza vitunguu vyake amejiwekea akiba ya shilingi laki sita. Asema ameona katika simu tangazo la mtu afundishaye kuchora nyusi za kudumu kwa siku tatu. Siku ya tatu jioni mwanafunzi hupewa cheti na mashine ya sindano, na gharama yake ni hizo hizo laki sita. Wageni wapitao Karatu kwenda kreta ni wengi, wafanyakazi wa hoteli nao hupenda kujipamba, na yeye ameona kwamba hapo pana riziki. Swali lake ni fupi: "Mwalimu, niende?" Tena auliza, "Na nikirudi, nikate leseni gani?"

Barua hiyo nimeisoma mara mbili, maana swali hili si la dada huyu peke yake. Vijana wengi wa wilaya zetu waitazama kazi hii. Basi na tuichukue hatua kwa hatua, na jibu la "niende?" tutalifikia mwisho.

KAZI YENYEWE NI NINI

Wote twaujua wanja. Wanja hukaa juu ya ngozi, na jioni ukinawa uso umekwisha. Nyusi za kudumu si hivyo. Hapa rangi hupelekwa ndani ya ngozi. Wengine hutumia kijembe chembamba chenye safu ya sindano, wakichanja mstari mmoja mmoja mfano wa unywele. Wengine hutumia mashine ndogo ya umeme ambayo sindano yake hupanda na kushuka upesi sana. Katika saluni nyingi kazi hii yaitwa tatuu ya nyusi, na jina hilo ni sahihi, kwa kuwa ni tatuu kweli. Wako pia wachorao midomo na ukingo wa jicho kwa njia hiyo hiyo.

Rangi yatakiwa ifike mwanzo wa tabaka la pili la ngozi, kina kisichofika milimita 2. Ikikaa juu mno, itatoka pamoja na magamba. Ikiingia ndani mno, itasambaa na kuonekana ya kijivu, na kovu litabaki. Kwa kawaida kazi hiyo hudumu mwaka 1 hadi 3, na mteja hurudi baada ya wiki 4 hadi 8 ili kurekebishwa. Kwa hiyo mchoraji aliyekosea hawezi kufuta kosa lake kwa kitambaa. Mteja atatembea nalo usoni mwaka mzima au zaidi.

Wala tusidhani kwamba kutia alama za uso ni jambo lililoletwa na simu. Kule Eyasi, akina mama wa Kidatoga wana chale za duara kuzunguka macho, na kila mtu apitaye mnada wa Mang'ola amewaona. Jambo moja katika mila hizo lafaa kukumbukwa: kazi ya kuchanja hupewa mkono uliozoea, nao haukuzoea kwa siku tatu. Lakini liko pia jambo ambalo wazee wa zamani hawakulijua, nalo ni wadudu wasioonekana waishio katika damu.

HATARI ILIYOMO

Sindano ikiingia katika ngozi, hutoka na damu, hata kama damu hiyo ni kidogo mno kuonekana. Magonjwa matatu hupita njia hiyo: homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C, na virusi vya UKIMWI. Tafadhali andikeni hesabu hizi, ambazo zilipatikana kwa wahudumu wa afya waliochomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa. Kwa virusi vya UKIMWI, huambukizwa kama watu 3 katika 1,000. Kwa homa ya ini C, kama watu 2 katika 100. Kwa homa ya ini B, ikiwa aliyechomwa hajachanjwa, huambukizwa watu 6 hadi 30 katika 100.

Mwaona? Ugonjwa tusioutaja sana ndio upitao upesi kuliko wote. Tena virusi vya homa ya ini B vyaweza kukaa juu ya meza au chombo, nje ya mwili wa mtu, kwa siku 7 navyo vikaambukiza. Damu iliyokauka Jumatatu bado ni hatari Ijumaa.

Wengine watasema, "Mimi nitachemsha sindano zangu." Ndugu zangu, hapa nchi yetu ya juu yatupasa kuwa waangalifu zaidi. Pwani maji huchemka penye digrii 100. Karatu mjini tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, na maji huchemka penye digrii 95 hivi. Ukingoni mwa kreta, kama mita 2,300, huchemka penye digrii 92 hivi. Vijidudu vingine vigumu haviuawi hata na maji ya digrii 100. Hospitalini hutumia chombo chenye presha ambamo mvuke hufikia digrii 121. Sufuria ya kuchemshia chai haifanyi kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ya kazi ni hii: sindano moja, mteja mmoja, kisha itupwe. Hali kadhalika kijembe, glavu, na kikombe kidogo cha rangi. Rangi iliyobaki kikombeni hairudishwi chupani hata kama ni ya bei kubwa. Sindano iliyotumika haitupwi katika shimo la taka watoto wanapochezea, bali huwekwa katika boksi gumu la kutunzia vyenye ncha, kisha hupelekwa kuchomwa katika tanuri la hospitali au kituo cha afya kwa mapatano. Meza hupanguswa kwa maji ya klorini. Ikiwa dawa ya Jik chupani imeandikwa asilimia 3.5, changanya kipimo 1 cha dawa na vipimo 6 vya maji, nayo ikae dakika 10. Dawa hiyo ni ya meza na ya vyombo. Haimpi mtu ruhusa ya kutumia sindano mara ya pili.

Wako pia wateja wa kukataliwa, hata wakiwa wameshika fedha mkononi. Mwenye mimba na anyonyeshaye wangoje. Mwenye kisukari, na anywaye dawa za kuzuia damu isigande, wamwone daktari kwanza. Mwenye makovu yanayotuna asichorwe kabisa. Makovu hayo huwapata watu weusi zaidi kuliko wengine, basi hapa petu swali hilo haliachwi. Mtoto asiyefika miaka 18 asichorwe. Na rangi ijaribiwe kwanza nyuma ya sikio siku moja au mbili kabla ya kazi. Walioungua kwa piko, ile rangi nyeusi ya nywele ipakwayo mikononi kama hina, watakuambia kwa nini.

MAFUNZO

Sasa tufike kwenye cheti. Katika Tanzania ufundi stadi una utaratibu wake. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Siku hizi usajili wa vyuo vya ufundi stadi, vya serikali na vya watu binafsi, uko chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, ambalo watu hulijua kwa herufi zake, NACTVET. Kwa hiyo mtu yeyote akikuambia "nina chuo," swali lako la kwanza liwe, "Chuo chako kimesajiliwa kwa namba gani?" Namba hiyo yaweza kuulizwa kwa Baraza lenyewe. Chuo kisicho na namba hutoa karatasi nzuri yenye muhuri, lakini karatasi hiyo haitambuliwi.

Katika ufundi stadi limo somo la ususi na urembo. Mwanafunzi hujifunza nywele, ngozi, usafi wa vyombo, na namna ya kumhudumia mteja. Tuzo zake zina ngazi tatu, na aliyemaliza darasa la saba aweza kuanza ngazi ya kwanza. Kuna pia kozi fupi.

Na kwa dada yetu wa Mang'ola, ambaye amesuka miaka mingi bila kwenda chuoni, uko mlango mwingine. VETA hupima ujuzi uliopatikana kazini. Mtu hupimwa kwa vitendo, akionekana aujua ufundi hupewa cheti, na penye upungufu hufundishwa sehemu hiyo tu. Utaratibu huo waitwa urasimishaji wa ujuzi. Mafundi wengi wa nchi hii, waashi na maseremala na wapishi, wamepata vyeti kwa njia hiyo.

Msingi huo ukiwapo, kazi ya sindano huongezwa juu yake. Kwa muda gani? Kiko chama cha wachoraji wa namna hii, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1990, nacho hushauri mafunzo ya msingi yasipungue saa 100. Haya, na tufanye hesabu pamoja. Mtu akifundishwa saa 8 kwa siku, siku tatu ni saa 24. Hiyo haifiki hata robo ya saa 100. Tena katika saa hizo 24 mtu ale, asikilize, aandike, na ajizoeze juu ya mpira. Atamchora mtu lini mbele ya mwalimu wake? Jibu ni kwamba atamchora akiwa amekwisha kurudi nyumbani, peke yake, na mteja wa kwanza ndiye atakayekuwa ubao wa kujifunzia.

Mafunzo yaliyo kamili yawe na mambo manne: usafi na magonjwa ya damu, ngozi na rangi, hasa ngozi yetu nyeusi ambayo rangi hugeuka ndani yake, mazoezi juu ya ngozi ya mpira, kisha kuwachora watu huku mwalimu amesimama karibu. Likikosekana moja, mafunzo hayajaisha.

LESENI

Swali la pili la barua ni leseni. Hapa watu wengi huchanganya mambo, basi sikilizeni vizuri.

Kwanza, yatakiwa namba ya mlipakodi, yaani TIN, itolewayo na Mamlaka ya Mapato bila malipo.

Pili, ukitaka saluni yako iwe na jina lisilo jina lako mwenyewe, jina hilo lisajiliwe BRELA.

Tatu, ni leseni ya biashara yenyewe, kwa Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Leseni ziko za kundi A na kundi B. Biashara ya mahali pamoja, kama saluni, ni ya kundi B, nayo hutolewa na halmashauri. Wa Karatu waende Halmashauri ya Wilaya ya Karatu. Wa Loliondo waende Halmashauri ya Wilaya ya Ngorongoro. Alioko ndani ya eneo la Hifadhi akumbuke kwamba eneo hilo lina mamlaka yake, na kabla ya kufungua mlango awaulize na wao. Leseni huisha baada ya miezi 12, na hapana budi kuihuisha.

Nne, mkaribishe bwana afya au bibi afya aone mahali pako. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 yampa kazi hiyo. Usimwogope. Ataangalia maji ya kunawia, sakafu, mwanga na taka, na akiona kosa atakuonyesha kabla halijamdhuru mtu. Na kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, mahali pa kazi hupaswa kusajiliwa na Wakala wa OSHA.

Tano, vitu unavyotumia navyo vina wenyewe wa kuvisimamia. Tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA. Ganzi ipakwayo kwenye nyusi ni dawa. Isiyo na jina la mtengenezaji, wala tarehe ya kuisha nguvu, isiguse uso wa mtu.

Tena iko habari njema kwenu. Julai 2025 ilitoka amri ya serikali inayowakataza wasio raia kufanya biashara kadhaa katika Tanzania, na saluni ni mojawapo, isipokuwa ile iliyo ndani ya hoteli au ya huduma za utalii. Mgeni avunjaye amri hiyo hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Maana yake ni kwamba saluni za mtaani Karatu ni zenu. Lakini kule hotelini, wanakopita wageni ambao dada yetu amewataja, mtashindana na mafundi waliotoka nje, na wengine wao wana mafunzo. Amri haiwezi kumpa mtu ujuzi.

KARATASI MBILI

Sasa nataka mlishike neno moja hata kama mtasahau mengine yote. Leseni ya halmashauri huruhusu biashara. Haiupimi mkono wa mwenye biashara. Karani wa leseni hakuulizi kama unajua kina cha ngozi. Mteja aingiapo saluni na kuiona leseni ukutani, hudhani kuwa serikali imemthibitisha mchoraji, kumbe imethibitisha kwamba saluni yaruhusiwa kufanya biashara.

Nchi nyingine zimelitenganisha jambo hili waziwazi. Huko Wales, sehemu mojawapo ya Uingereza, tangu tarehe 29 Novemba 2024 mchoraji hutakiwa kuwa na leseni yake yeye mwenyewe, na mahali anapofanyia kazi patakiwa kuwa na cheti chake cha kukubaliwa. Hapati leseni asipokuwa amefaulu mafunzo ya kuzuia maambukizo. Leseni hiyo hudumu miaka mitatu. Huko California, Marekani, sheria iliyoanza Julai 2012 yamtaka mchoraji ajiandikishe, awe amefika miaka 18, ajifunze kila mwaka juu ya magonjwa ya damu, na aonyeshe habari za chanjo yake ya homa ya ini B.

Sisi twaweza kuanza bila kungoja sheria mpya. Mchoraji mwema aweke ukutani karatasi mbili: leseni ya biashara, na cheti cha mafunzo chenye namba ya chuo. Na mteja azitazame zote mbili. Kisha aombe kuona sindano ikifunguliwa kutoka pakiti yake mbele ya macho yake. Asiyekubali kufungua pakiti mbele yako, mwage kwa heshima uondoke.

JIBU LA BARUA

Basi, dada yangu wa Mang'ola, jibu langu ni hili: usiende. Sikuzuii kazi, nazuia siku tatu.

Laki sita zako zipange hivi. Kwanza, nenda hospitali ukaulize chanjo ya homa ya ini B. Ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu mwezi wa 6. Watoto wachanga wa Tanzania walianza kuipata mwaka 2002, kwa hiyo wewe uliyezaliwa kabla ya hapo usidhani kuwa ulichanjwa. Pili, uliza VETA Arusha juu ya kupimwa ujuzi wako wa ususi, ili upate cheti cha kazi unayoijua tayari. Tatu, kata leseni ya ususi wako wa sasa. Nne, fedha itakayobaki iweke benki au katika kikundi chenu cha kuweka na kukopa, mpaka upate mwalimu wa sindano mwenye chuo kilichosajiliwa na saa za kutosha.

Wakati huo usikae bure. Kutinda nyusi kwa uzi, kupaka wanja, kupaka hina: kazi hizo hazitoboi ngozi, na wateja wake wako. Ukitinda kwa wembe, kila mtu na wembe wake. Na siku ukichomwa kwa bahati mbaya na kitu chenye damu ya mtu mwingine, osha kwa maji na sabuni, uende hospitali siku hiyo hiyo. Iko dawa ya kukinga virusi vya UKIMWI, lakini ni lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kila saa ikipita nguvu yake hupungua.

Najua miezi ni mirefu kwa mtu aliyekwisha kushika fedha mkononi. Lakini Karatu ni mji mdogo. Nyusi moja iliyoharibika itatembea sokoni kila siku ya mnada, na kila atakayeiona atauliza, "Nani alikufanyia?" Kadhalika nyusi nzuri itaulizwa swali hilo hilo.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya wanja na nyusi za kudumu?
2. Kwa nini kuchemsha sindano hakutoshi, na kwa nini sisi wa nchi ya juu tusitegemee kabisa njia hiyo?
3. Taja aina nne za wateja ambao mchoraji awakatae au awaambie wangoje.
4. Leseni ya halmashauri yathibitisha nini, na haithibitishi nini?
5. Katika kijiji chenu, ni nani atoboaye ngozi za watu kwa wembe au sindano: kutoga masikio, kuchanja chale, kunyoa? Kikundi kimtembelee kwa adabu, kimweleze habari ya chombo kimoja kwa mtu mmoja, kisha kituandikie alivyojibu.